Toka Kidogo, Tumalize Hadithi

Jumapili, tarehe 3

Mvua zimeanza, na bati la darasa la watoto limeanza kuvuja palepale lilipovuja mwaka jana. Nimeweka ndoo. Watoto wamejaa kwenye mabenchi manne, wengine wamekaliana mapajani, na mimi niko mbele na ubao wangu wa picha. Siku za kazi mimi ni dobi. Jumapili ni mwalimu, na sitaficha kwamba neno hilo linanikaa vizuri masikioni.

Leo tulikuwa na Zakayo. Kila hadithi ina picha zake, nimezichora mwenyewe kwenye maboksi na kuzikata kwa mkasi wa Mama: Zakayo juu ya mti, Zakayo anashuka, Zakayo mezani. Nabandika moja, nasimulia, nabandua, nabandika nyingine. Mwisho nauliza swali langu, ambalo watoto wanalijua kuliko sala: "Haya, huyu ni nani mtaani kwetu?" Wakajibu kwa sauti moja kwamba ni msoma mita za maji. Nilicheka hadi nikaegemea ubao. Mchungaji alikuwa anapita dirishani, akasema, "Dada, una kipawa wewe. Watoto wanaiona Biblia inatembea barabarani." Nimerudi nyumbani kichwa kimevimba.

Kasoro ni Chiriku. Ni binti wa fundi mwashi, ana miaka minane, na jina la Chiriku amelipata kwa kutonyamaza. Leo alitaka kujua Zakayo alipopanda, mwenye mti alisema nini. Nikamwambia mwenye mti hayumo kwenye hadithi. Akasema, "Lakini mti si ulikuwa wa mtu?" Kengele ikalia kabla picha ya tatu haijabandikwa.

Jumatatu, tarehe 4

Mvua. Mashuka ya nyumba ya wageni nimeyatundika sebuleni. Tunapita tumeinama.

Jumatano, tarehe 6

Mvua. Mama anasema nyumba inanuka mbwa aliyeloa, na kwamba yeye si mbwa, kwa hiyo nijijue. Nimepiga pasi shuka moja mara tatu na bado lina unyevu. Nyumba ya wageni wametuma mtu kuuliza kama nimehama mji.

Jumapili, tarehe 10

Nuhu na safina. Picha zilipendeza, hasa twiga. Nilipouliza swali langu, waliomcheka Nuhu ni akina nani mtaani kwetu, wakasema, "Fundi mwashi!" Eti alipita siku moja akasema ukuta wa kanisa umepinda, akacheka. (Umepinda kweli.) Tena hasali, wakasema, Jumapili analala. Nikacheka nao. Chiriku alikuwa benchi la mbele, akacheka pia, lakini alichelewa kidogo kuanza na akawahi kuacha.

Kisha akaanza. "Mwalimu, wale watoto waliokuwa nje ya safina walikuwa wamefanya nini?" Nikasema hawakutii. "Hata wale wachanga?" Nikasema tutaliangalia siku nyingine. "Siku gani?" Nahodha akamwambia anyamaze. Nahodha ni binti wa fundi viatu, mkubwa kuliko wote darasani, ana sauti ya kuamrisha, na mimi ndiye niliyempa jina hilo. Nilimshukuru kwa macho.

Jumanne, tarehe 12

Fundi mwashi ameleta ovaroli zake mbili, zimeganda saruji. Akasema, "Mwalimu, nasikia mimi ndiye niliyemcheka Nuhu." Alikuwa anatabasamu, lakini upande mmoja tu wa mdomo. Nikamwambia ni watoto tu hao. Akauliza, "Na watoto wamelitoa wapi?" Nikajifanya napuliza mkaa wa pasi.

Alipoondoka Mama akasema, "Mwanangu, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi." Nikamwambia hakuna aliyejikwaa hapa.

Ijumaa, tarehe 15

Mvua. Maji yameingia nyumba za bondeni. Kamba imekatika, mashuka sita yameanguka kwenye tope. Sitaki kuandika.

Jumapili, tarehe 17

Somo la Yona. Kwa mara ya kwanza msimu huu tumemaliza kabla ya kengele, picha zote, bila kukatizwa. Watoto walitulia. Nilitumia vibanio vya nguo kupigia kura, wakafurahi sana.

Na mchana mvua imekatika. Imekatika kabisa, jua limetoka. Nimeanika mashuka yote nje huku naimba. Mungu ni mwema.

Jumatatu, tarehe 18

Nitaandika kwa mpangilio.

Jana kabla jua halijazama, fundi mwashi alikuja mbio. Chiriku hajarudi tangu kanisani. Alidhani yuko kwa majirani, na majirani walidhani yuko kwake. Nikasema sijui, labda anacheza. Nilisema hivyo nikiwa na shuka mkononi. Tukatoka, mtaa mzima ukatoka, wengine kuelekea sokoni, wengine shuleni, Mama kwenye kiti chake mlangoni akimuuliza kila mpitaji.

Aliyemwona ni mlinzi wa kiwanda cha mbao. Nyuma ya kiwanda kuna mfereji mkubwa, na kwa mvua hizi umejaa hadi kingo, maji yanakwenda kasi na kubeba magogo. Chiriku alikuwa amekaa ukingoni. Viatu alikuwa amevivua na kuvipanga nyuma yake, kimoja pembeni ya kingine. Mlinzi alimuuliza anafanya nini. Akamwambia mvua imekatika kwa sababu yeye ametoka, na sasa anakaa pale aone kama itabaki imekatika. Ikianza tena, ataingia majini. Mlinzi akauliza, "Nani amekwambia uingie?" Akasema, "Ndivyo hadithi inavyokwenda."

Mlinzi alimbeba mgongoni hadi kwao. Nilikuwepo alipofika. Baba yake alipiga magoti chini akamshika miguu, akawa anaipangusa kwa shati lake. Watu walikuwa wengi. Nilitamani ardhi ipasuke.

Leo asubuhi Mchungaji ameniita. Watoto wamekwishamweleza: kibanio chenye uzi mwekundu kilimwangukia Chiriku, wakasema yeye ndiye aliyeleta mvua kwa sababu baba yake hasali, Nahodha akafungua mlango, wakamtoa. Mchungaji akauliza, "Wewe ulikuwa wapi, dada?" Nikamwambia nilikuwa nje namwaga ndoo ya maji ya bati. Niliporudi nikakuta mlango umefungwa, sikujua kama kuna mtoto amepungua.

Akasema, "Pole sana. Watoto siku hizi." Ndivyo ilivyokuwa.

Jumanne, tarehe 19

Jua. Nguo zote zimekauka.

Jumatano, tarehe 20

Sivyo ilivyokuwa. Ndoo sikuimwaga. Nimeandika uongo kwenye daftari langu mwenyewe, ambalo hakuna anayelisoma, kana kwamba kesho mimi nitalisoma nikajiamini.

Nilikuwa ubaoni. Kibanio chekundu kilimwangukia Chiriku, nikamwambia, haya, wewe ndiye Yona, simama kwenye mkeka, mkeka ni bahari. Akasimama, na maswali yakaanza. Kwa nini hawakumuuliza kwanza kama anajua kuogelea? Kwa nini Mungu asimpige Yona peke yake awaache wengine? Kichwa kilikuwa kinaniuma, wiki nzima sijakausha kitu, na mvua juu ya bati nilikuwa naisikia kwenye meno. Nikauliza swali langu ili nimkatize. Niliuliza hivi, na nilikuwa natania: "Haya, na dhoruba yetu sisi, nani ametuletea mtaani kwetu?"

Walicheka. Kisha mmoja akasema, kura si imeshaonyesha? Mwingine akasema, baba yake hasali. Kicheko kikaisha lakini hawakuacha. Walimsogeza hadi mlangoni, hawakumpiga, walimsogeza tu kwa mabega, na Nahodha akafungua mlango kwa kuwa yeye ndiye nahodha wa meli. Chiriku akageuka. Akanitazama juu ya vichwa vyao, akauliza, "Mwalimu, nitoke?"

Nikamwambia, "Toka kidogo, tumalize hadithi."

Nilisema hayo huku nabandika samaki. Mlango ukafungwa. Tukamaliza bila swali hata moja, na niliona raha. Hiyo raha ndiyo siwezi kuitazama. Kusahau ningejisamehe, hasira ningejisamehe. Lakini mtoto alikuwa kwenye mvua na mimi niliona raha.

Jumamosi, tarehe 23

Jua kali. Kazi imejaa, wateja wanafurahi, nyumba ya wageni wamenisamehe. Kila shuka ninalolianua likiwa kavu, uso unanishuka.

Jumapili, tarehe 24

Mchungaji amemsimamisha Nahodha mbele ya kanisa zima. Amesema ubaya mkubwa umetendeka, na kiongozi wa ubaya ni huyu, na kwa hiyo hataimba kwaya hadi atakapotubu. Mama yake alikuwa ameinamisha kichwa hadi kitambaa kikamziba uso. Nahodha alisimama mikono nyuma. Nilimwona akinitafuta kati ya watu, akanipata. Alikuwa anajua. Walikuwa wanajua wote, mabenchi yote manne. Nilisubiri aseme, "Mwalimu ndiye aliyesema atoke." Nafikiri nusu yangu ilitaka aseme, ili mimi nisiwe na kazi hiyo. Akasema, "Samahani," akarudi kukaa.

Darasani nikaweka picha za Danieli na simba. Swali langu sikuuliza. Mdogo mmoja wa benchi la nyuma akaliuliza kwa niaba yangu: "Mwalimu, simba ni nani mtaani kwetu?" Nikasema tufumbe macho tuombe. Wakati wa kutoka nikawasikia wakinong'ona, "Mmeona lakini? Tangu atoke haijanyesha."

Hilo lilikuwa la kusahihishwa palepale. Nilichukua ubao wangu nikaondoka.

Jumanne, tarehe 26

Nimekwenda kwa fundi mwashi, nimempelekea ovaroli zake, nimezitia wanga kuliko inavyohitajika. Alikuwa nyumbani mchana. Nikauliza kama kazi zimepungua. Akasema, "Asubuhi kulikuwa na wingu." Ikanichukua muda kuelewa. Siku yenye wingu haendi kazini. Anakaa mlangoni anamlinda mtoto na mvua.

Chiriku alikuwa amekaa juu ya tofali anachambua kamba. Shikamoo, marahaba, basi. Nikamuuliza habari za shule, akasema nzuri. Nikamuuliza kama atakuja Jumapili. Akatikisa kichwa. "Nikija itanyesha," akasema, kwa upole, kama anayemwelekeza mgeni njia. "Ilikatika kweli, Mwalimu. Nilikuwa njiani ikakatika."

Baba yake akaniuliza, "Hivi siku ile wewe ulikuwa wapi?"

Mtoto akainua macho. Alikuwa anajua jibu kuliko mtu yeyote duniani. Na mimi nikasema, mbele yake, "Nilitoka kidogo. Ndoo ilikuwa imejaa."

Chiriku akainamisha macho. Aliendelea kuchambua kamba. Mtoto ambaye hawezi kumwacha Zakayo apande mti wa mtu bila kuuliza, aliniacha nipite na uongo wangu. Sijui kama ni heshima au ni kwamba amekata tamaa na mimi. Nilirudi nyumbani kwa njia ya nyuma.

Alhamisi, tarehe 28

Nimefungua Biblia kusoma Yona mwenyewe, si picha, maneno. Nimeona aibu upya, kwa sababu nimefundisha hadithi hiyo miaka yote nikifuata picha tano: Yona anakimbia, meli, kura, Yona anatupwa, samaki.

Kumbe Yona mwenyewe ndiye aliyewaambia mabaharia wamtupe. Na kumbe wao hawakukubali haraka. Kura ilikwishamwangukia, yeye mwenyewe amekwishakiri, na bado wale watu, wasiomjua hata Mungu wake, walishika makasia wakapiga kwa nguvu zao zote wamrudishe nchi kavu. Ilipowashinda ndipo wakaomba wasihesabiwe damu yake.

Mstari huo nauruka kila mwaka. Si kwa ubaya. Samaki nilimchora mkubwa mno, boksi likaniishia, sina picha ya makasia. Kwa hiyo watoto wangu wanajua kura inaanguka na mtu anatoka. Ya katikati hawakuisikia kwangu.

Ijumaa, tarehe 29

Nimemwambia Mama yote. Alikuwa anatoa vifungo kwenye mashati chakavu. Nilipomaliza akauliza, "Na baba yake anajua?" Nikasema hapana. "Na Mchungaji?" Hapana. "Na mtoto wa fundi viatu anabeba mzigo wako, na wewe unabeba mashuka." Nikasema naona aibu. Akasema, "Mficha uchi hazai, mwanangu. Hiyo aibu unayoiogopa unayo tayari. Huko unakokwenda ni kuwagawia tu wenye haki yao."

Nikamwambia ningependa anipe pole kidogo. Akasema pole ziko kwa yule mtoto, zikibaki ataniletea.

Jumamosi, tarehe 30

Nilianza kwa fundi mwashi. Nilimkuta anachanganya saruji uani kwake, nikasimama na kusema kabla sijasalimia vizuri, nikihofia salamu ingenipa njia ya kutorokea. Nikamwambia ndoo ilikuwa uongo. Nikamwambia alichouliza mwanawe mlangoni na nilichojibu. Aliacha koleo. Nilidhani atanipiga nayo, na kusema kweli nilikuwa tayari.

Akasema, "Yeye ameniambia wewe hukuwepo."

Nikaitazama saruji iliyoanza kukauka.

"Nimemuuliza mara nyingi. Kila siku anasema mwalimu alikuwa nje. Mwanangu hasemi uongo." Akakaa chini kwenye ukingo wa tofali zake. "Amekusitiri wewe. Mtoto wa miaka minane."

 Akaniambia hanisamehe leo, na nisimsumbue kwa kumuuliza lini. Akasema pia, "Mimi Mungu wenu simjui sana, sina ugomvi naye. Lakini mwanangu anaamini kwamba ametupwa naye. Mimi nimemwambia siyo, hanisikii, mimi ni yule aliyemcheka Nuhu. Wewe ndiye uliyelitia hilo kichwani, wewe ndiye utakayelitoa."

Kwa Mchungaji ilikuwa fupi. Alisikiliza huku anazungusha kalamu, kisha akasema polepole, "Nimemsimamisha mtoto wa watu bure." Alisema atalisema kesho ibadani. Nikamwambia langu nitalisema mwenyewe.

Jumapili, tarehe 31

Nimesema. Ibadani kwanza, ambako watu wazima walitazama viatu vyao, kisha darasani, ambako watoto walinitazama mimi. Watoto ni wagumu zaidi. Niliwaambia: Nahodha alifungua mlango, ninyi mlisukuma, lakini aliyesema atoke ni mimi, na ninyi mlisikia. Nahodha amerudi kwaya. Nilipomwomba radhi alisema, "Haidhuru, Mwalimu," kwa sauti ya mtu mzima, na hiyo ilinichoma kuliko kama angelia.

Nikawaambia pia kwamba mvua inakuja na kuondoka kwa wakati wake na haimjui Chiriku. Wakaitikia ndiyo Mwalimu. Wanaitikia ndiyo Mwalimu kwa kila kitu. Sijui kimeingia nini na kimebaki nini nje.

Chiriku hakuja.

Jumatano, tarehe 3

Jua. Watu wameanza kulalamika, mimea inanyauka. Nimepata boksi dukani na nimechora makasia. Watu wangu wa kwenye meli wana mikono minene mno, lakini angalau wanaonekana wanafanya kazi.

Ijumaa, tarehe 5

Nimekwenda kwa fundi mwashi bila kubeba nguo za mtu. Nilizungumza na Chiriku baba yake akiwa hapohapo. Nilimwambia alinisitiri na sikustahili. Nilimwambia ninahitaji kumsimulia hadithi upya, kwa sababu niliisimulia vibaya. Akauliza, "Nyumbani?" Nikasema nyumbani au darasani, atakapotaka. Akafikiri sana. Akasema darasani, kama baba naye atakuja.

Fundi mwashi akatazama juu, akasema, "Kama hakuna wingu."

Jumamosi, tarehe 6

Mawingu tangu asubuhi. Nimejikuta naomba isinyeshe kesho, naomba kwa bidii, macho nimefumba. Katikati ya sala nikajisikia. Naomba nini mimi? Naogopa nini, kama kweli naamini niliyowaambia watoto? Nimekatisha sala bila amina.

Jumapili, tarehe 7

Walikuja. Fundi mwashi alisimama mlangoni, bega limeegemea mwimo, kofia mkononi. Chiriku alikaa benchi la mbele, mwisho kabisa, karibu na baba yake. Watoto walimwachia nafasi kubwa kuliko anavyohitaji. Nahodha akaiona ile nafasi, akatoka nyuma akaja kuijaza.

Nikabandika picha sita. Nilipofika ya makasia nikawaambia sikuwahi kuwaonyesha hii, na kwamba bila hii hadithi si hadithi. Nikawasomea, kisha nikawaambia kwa maneno yangu: kura ilikwishaanguka, na bado walipiga makasia.

Chiriku akanyoosha mkono. Nikafurahi na kuogopa kwa pamoja. Ni wiki tatu sijasikia swali lake.

"Makasia yakawashinda?"

"Yakawashinda."

"Kwa hiyo wakamtupa."

Ningeweza kulilainisha. Kuna njia nyingi, ninazijua zote. Nikasema, "Ndiyo. Wakamtupa. Yeye mwenyewe aliwaambia wafanye hivyo, na walilia kwa Mungu walipokuwa wanafanya."

"Mimi sikuwaambia wanitoe."

"Hukuwaambia."

"Na hakuna aliyepiga makasia."

"Hakuna. Na mimi nilikuwa mkubwa kuliko wote."

 Kisha akauliza, kwa sauti ileile anayoulizia habari za mwenye mti, "Kwa nini ulisema nitoke?"

Baba yake alikuwa anasikia. Watoto wote walikuwa wanasikia. Nikasema, "Kwa sababu nilikuwa nimechoka na maswali yako. Hiyo ndiyo sababu, hakuna nyingine. Mungu hakuniambia, na kura haikuniambia. Ni mimi nilitaka kumaliza mapema. Na wewe si Yona. Yona alikuwa amekimbia kitu. Wewe hukukimbia kitu."

Alikuwa bado analifikiria hilo nilipoisikia. Tone moja kwenye bati, mawili, kisha yote kwa pamoja, mvua nzito kama ile ya mwanzo wa msimu. Fundi mwashi alijitoa kwenye mwimo akasimama wima. Watoto wakageuza shingo, mabenchi yote manne, wakamtazama Chiriku.

Na mimi nilimtazama. Baada ya yote niliyosema, ibadani, darasani, kwa baba yake, na sasa hivi, macho yangu yalikwenda kwake yenyewe kama ya wengine. Na alikuwa ananitazama mimi. Aliyaona.

Alikuwa ameshika ubao wa benchi kwa mikono yote miwili. Akainua uso akasikiliza bati kwa muda, kama mtu anayesubiri kuitwa jina. Hakuitwa. Vidole vyake vikaachia kimoja kimoja.

"Si mimi," akasema. "Ni mvua tu, Mwalimu."

Hakuwaambia wenzake. Aliniambia mimi, kwa kuwa ndiye niliyekuwa na haja ya kuambiwa. Nikasema ndiyo, ni mvua tu. Kisha nikakaa chini sakafuni mbele yao, na Chiriku akauliza kama yule samaki alijua amebeba mtu. Nikamwambia sijui. Akauliza nani anajua.